Uvimbe wa Shingo kwa Mtoto Mchanga



Barua ya juma hili imetoka Wusi, katika milima ya Taita, nayo imeandikwa na bibi ambaye mjukuu wake ana siku 22 tangu azaliwe. Aeleza kwamba siku ya saba, mtoto alipokuwa akinyolewa nywele kwa ajili ya akika, shangazi yake aliona upande wa kushoto wa shingo, chini ya sikio, pamefura. Hapakuwa pekundu wala hapakuwa na moto. Sasa uvimbe umefikia ukubwa wa limau, ni laini, na mtoto halii unapoguswa. Nyumbani zimezuka rai tatu. Jirani mmoja, mzoefu wa kutumbua majipu ya watu, asema wembe mpya na maji moto yatatosha. Wa pili asema ni jicho, na ameleta hirizi ifungwe shingoni. Babaye mtoto, ambaye afanya kazi Mombasa, asema kwa simu kuwa wasubiri arobaini itimie ndipo mama atoke na mwana. Bibi auliza amfuate nani.

Bibi yetu, usimfuate yeyote kati ya hao watatu. Jina la ugonjwa sitalitaja kwa barua, kwa kuwa shingo ya mtoto haisomwi kwa karatasi; inataka mkono, taa na mashine. Lakini naweza kukueleza ni mambo gani hutokea mahali hapo, ili uende hospitali ukijua utakaloulizwa, na ili hapo nyumbani uwe na hoja ya kuwajibu wakubwa wenzako.

Shingo huumbwa mapema mno, katika miezi miwili ya mwanzo ya mimba, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Pande za shingo huanza kama mikunjo inayokutana na kuungana, na vijishimo vilivyo baina yake hufutika. Tezi dundumio, ile iliyo mbele ya koo, haizaliwi mahali pake. Huanzia shinani mwa ulimi ikashuka polepole hadi chini, na njia iliyopita hujifunga nyuma yake. Nayo mishipa ya limfu, inayochukua majimaji ya mwilini na kuyarudisha katika damu, huchipuka na kutafuta mlango wa kuingilia katika mishipa mikubwa ya shingo. Mkunjo mmoja usipofungika, au njia ile isipozibika, au limfu isipopata mlango wake, hubaki kifuko. Kifuko hicho chaweza kuonekana siku ya kuzaliwa, au kikajificha kwa miezi na hata miaka. Hayo hayaletwi na chakula alichokula mama, wala kazi aliyoifanya, wala neno alilolitamka. Nalisema hili kwa sababu katika nyumba nyingi lawama humfikia mzazi kabla ya dawa kumfikia mtoto.

Sasa, mahali ulipo uvimbe na siku ulipoanza ndivyo vinavyomwongoza daktari kuliko kitu kingine chochote. Uvimbe laini wa ubavuni mwa shingo, uliopo tangu siku za mwanzo, usiouma, unaobonyea kama mfuko wa maji, mara nyingi huwa ni ule wa limfu. Daktari huzima taa ya chumba, akaweka tochi ndogo upande mmoja, na uvimbe wote ukang'aa kama kandili, kwa kuwa ndani yake mna maji matupu. Ni uchunguzi mwepesi usio na gharama, ingawa hautoshi peke yake. Baada yake huja altrasaundi, ambayo haimuumizi mtoto wala haitumii mionzi, nayo huonyesha kama ndani mna vyumba vikubwa vichache au vijumba vidogo vidogo vingi, na kama kuna damu inayopita. Ikiwa uvimbe umezama kuelekea kifuani au chini ya ulimi, huenda picha kubwa zaidi ya MRI ikahitajika.

Lakini si kila uvimbe wa ubavuni ni maji. Upo mwingine ambao huwatisha sana wazazi, ilhali ndio wenye mwisho mwema kuliko yote. Huonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, yaani katikati ya arobaini. Ni mgumu, umbo lake kama zeituni, umo ndani ya msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi kifuani. Mtoto huinamisha kichwa upande wenye uvimbe, na kidevu kikaelekea upande wa pili. Aghalabu hawa ni watoto waliozaliwa kwa shida au waliotanguliza makalio. Hapa hakuna kisu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfundisha mama namna ya kuugeuza na kuunyoosha msuli taratibu mara kadhaa kwa siku, na watoto walio wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka. Mama aweza kusaidia kwa kumlaza mtoto pahali ambapo mlango, dirisha au sauti ya watu iko upande asiopenda kugeukia, na kwa kumlaza kifudifudi akiwa macho na akitazamwa. Daktari atapima pia nyonga zake, kwa maana matatizo hayo mawili huandamana mara nyingine. Wale wakandaji wetu hodari wa mafuta ya nazi nawaheshimu, na kumpaka mtoto mafuta kwa mkono mwepesi hakuna neno. Lakini kuuvunja uvimbe huo kwa gumba, au kuinyosha shingo kwa nguvu hadi isikike ikilia, ni kumdhuru.

Uvimbe wa katikati, mbele ya koo, ni habari nyingine. Huo hupanda mtoto anapomeza au anapotoa ulimi, kwa sababu ungali umefungamana na ile njia ya tezi niliyoitaja. Mara nyingi huonekana mtoto akisha kukua kidogo, baada ya mafua au homa. Tangu 1920, daktari wa upasuaji wa Marekani aitwaye Walter Sistrunk alipoeleza njia yake, imejulikana kwamba haitoshi kukitoa kifuko peke yake. Sharti kiondolewe pamoja na kipande cha katikati cha ule mfupa mdogo ulio chini ya ulimi, la sivyo uvimbe hurudi. Kuna jambo jingine ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza kabla ya operesheni hiyo: je, altrasaundi imeonyesha kwamba tezi ipo mahali pake? Kwa mara chache, hicho kinachodhaniwa kuwa kifuko ndiyo tezi yenyewe iliyokwama njiani, na mtoto hana nyingine. Ikikatwa, atameza vidonge maisha yake yote.

Kuna watoto wanaozaliwa na kitundu kidogo mno, kama alama ya sindano, upande wa chini wa shingo. Hutoa ute kidogo, mama akaupangusa, na miezi ikapita. Siku kikiziba na kufura hudhaniwa kuwa ni jipu. Hutumbuliwa, kikapona, kikafura tena, kikatumbuliwa tena. Kila kovu lamfanyia ugumu daktari atakayekuja kukitoa kwa ukamilifu. Basi kitundu hicho kionyeshwe kliniki kikiwa bado kikavu.

Uvimbe mwekundu au wa kibuluu, usiokuwapo siku ya kuzaliwa na unaokua kwa kasi katika miezi ya mwanzo, mara nyingi ni wa mishipa ya damu. Mingi hunywea yenyewe kwa miaka. Ile iliyo mahali pa hatari, hasa kidevuni na mbele ya shingo, ambako huenda pana mwenziwe ndani ya njia ya hewa, hutibiwa kwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo. Faida yake hii iligunduliwa kwa bahati na madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakaitangaza mwaka 2008. Haifai kununuliwa dukani kwa kusikia tu: hushusha sukari ya mtoto, hivyo hupewa akiwa ananyonya vizuri, na husimamishwa anapotapika au kukataa titi.

Na kuna mavimbe ambayo mtoto hakuzaliwa nayo kabisa. Mtoto aliyechanjwa BCG mkononi aweza kufura tezi kwapani au juu ya mtulinga wa upande huohuo, wiki kadhaa baadaye. Tezi nyingi za namna hii hupoa zenyewe, na kuzikata huleta kidonda kisichofunga upesi. Mweleze muuguzi ni mkono gani ulichanjwa.

Turudi kwa wembe wa jirani. Jipu ni shimo moja lenye usaha; likifunguliwa, usaha hutoka na maumivu hupoa. Uvimbe wa limfu haufanani nalo. Ndani yake umegawanyika kama komamanga, chumba kando ya chumba, na ukikifungua kimoja vingine vyabaki vimejaa. Maji yaliyotoka yatarudi baada ya siku chache, lakini safari hii yana vijidudu vilivyoingia kwa mlango wa wembe. Uvimbe ulioingiwa na vijidudu hufura kwa saa, si kwa wiki, na haufuri kwa nje peke yake. Ndani ya shingo ya mtoto wa siku 22, njia ya hewa ni nyembamba kuliko kidole chake mwenyewe. Tena pale chini ya sikio hupita mshipa mkubwa wa damu iendayo ubongoni, na neva inayouinua mdomo wakati wa kucheka. Hata madaktari bingwa wanaoukata uvimbe huo hukesha saa nyingi wakiitafuta neva hiyo nyuzi kwa nyuzi, na mara nyingine huacha sehemu ya uvimbe mahali pake kuliko kuigusa.

Hadhari hii si ya jana. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, ambaye kitabu chake cha upasuaji kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi, aliupambanua uvimbe wa koo wa kuzaliwa nao na ule unaompata mtu baadaye, na ule wa kuzaliwa nao akauweka katika yale yasiyo na tiba. Ndiye aliyechora zana za upasuaji kwa makumi, na mkono wake ulikuwa na ujuzi kuliko wa jirani yetu, akaujua mpaka wake. Yaliyobadilika tangu zama zake ni kwamba leo twaweza kuona ndani kabla ya kukata, na mara nyingi hatuhitaji kukata.

Kuhusu jicho, sitaingia katika ubishi. Kumsomea mtoto ni jambo jema, nalo halimzuii mtu kupanda gari. Kinachonitia hofu ni ule uzi. Uvimbe unaokua chini ya uzi uliofungwa shingoni hukazwa, na mtoto aliyelala aweza kunyongwa nao. Tena hirizi na mtandio hufunika mahali panapotakiwa kutazamwa kila siku. Uvueni usiku huu.

Ama arobaini, imewekwa ili mzazi apumzike, apashwe moto na kulishwa. Ni ada ya rehema. Haikuwekwa iwe kizuizi cha kumpeleka mtoto mgonjwa kwa tabibu, na hakuna mzee mwenye busara Mombasa au Lamu atakayesema vinginevyo ukimweleza kisa hiki chote. Ikiwa mama hana nguvu za kuketi garini, aende akilala kiti cha nyuma, lakini aende, kwa kuwa mtoto anyonyaye hawezi kutenganishwa naye.

Swali lililobaki ni kwenda lini. Mtoto huyu, kwa ilivyoandikwa, ananyonya na kulala vizuri. Basi aende katika siku mbili tatu hizi, mchana. Lakini mkiona anavuta pumzi kwa sauti ya mkwaruzo, au mbavu na shimo la koo vinabonyea kila anapovuta, au midomo inageuka rangi ya kibuluu, au anaacha titi kila mara ili apumue, au uvimbe umeongezeka ghafla usiku mmoja, umekuwa mwekundu, na mtoto ana homa, hapo hakuna kungoja mapambazuko. Mtoto wa namna hiyo asilazwe chali. Abebwe kwa ubavu au kwa mkao ule unaompa pumzi nyepesi, na asilazimishwe maziwa. Pigeni simu kwa mhudumu wa afya wa kijiji awaitie gari la wagonjwa, na hospitali ijulishwe mapema kwamba anakuja mtoto mwenye shida ya pumzi, ili wenye vifaa wawe tayari mlangoni.

Kutoka Wusi njia ziko mbili: kupanda Wundanyi hadi hospitali ya Wesu, au kuteremka Mwatate na kuendelea hadi Voi, katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi. Kwa safari isiyo ya dharura mimi ningechagua Voi, kwa sababu ndiyo njia ya kuendelea mbele. Kutoka hapo hadi Mombasa ni kama kilomita 150, na rufaa ya uvimbe kama huu kwa kawaida huelekea Coast General. Wengine hupelekwa Kenyatta, Nairobi, au Kijabe, ambako upasuaji wa watoto una sifa ya miaka mingi. Chukueni kitabu cha mama na mtoto, karatasi ya kuzaliwa, na barua ya rufaa iliyoandikwa tarehe uvimbe ulipoonekana na ukubwa wake. Mtoto aandikishwe katika SHA chini ya jina la mzazi kabla ya safari. Foleni ya kuandikisha ukiwa tayari wodini ni ndefu. Pigeni pia picha ya shingo kwa simu kila siku mbili, mahali pamoja, na sarafu ikiwa kando yake. Daktari atajua kwa picha tatu kama uvimbe unakua, kuliko kwa maneno yetu sote.

Ikithibitika kuwa ni uvimbe wa limfu wenye vyumba vikubwa, huenda mkaambiwa hautakatwa, bali utachomwa sindano. Chini ya altrasaundi, maji huvutwa, na mahali pake hutiwa dawa inayozifanya kuta za kifuko zishikamane. Japani, Shuhei Ogita na wenzake walieleza mwaka 1987 matumizi ya dawa iitwayo OK-432. Katika hospitali zetu inayopatikana zaidi ni bleomisini. Mkisoma karatasi mtaona kwamba bleomisini hutumika kwa saratani, na najua mtakavyoshtuka. Haina maana kwamba mtoto ana saratani. Kipimo chake ni kidogo, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na daktari hukihesabu tangu sindano ya kwanza hadi ya mwisho kwa sababu kikizidi hudhuru mapafu. Muulizeni amefikia wapi katika hesabu hiyo. Si utovu wa adabu. Uvimbe wenye vijumba vidogo vidogo hauitikii sana sindano, na hapo ndipo upasuaji, au dawa ya kumeza iitwayo sirolimusi, huzungumzwa.

Kazi hiyo hufanywa mtoto akiwa amelazwa kwa nusukaputi, nayo hutaka tumbo tupu. Mtaambiwa saa ya titi la mwisho. Nasema na wewe hasa, bibi yetu, kwa kuwa ni sisi bibi tunaopenyeza kijiko cha maji au uji mama anapofumba macho: siku hiyo, hata tone. Maziwa yaliyo tumboni yaweza kuingia mapafuni mtoto akiwa hana fahamu.

Baada ya sindano uvimbe hufura zaidi kuliko ulivyokuwa, na mtoto aweza kupata homa kwa siku mbili tatu. Katika siku hizo ndipo familia nyingi hukata tamaa, wakasema hospitali imemharibu mtoto, wakarudi kwa yule mwenye wembe. Kufura huko ni dawa inafanya kazi, maadamu pumzi ni nyepesi na titi linanyonywa. Ikiwa sivyo, rudini usiku huohuo. Kisha uvimbe hunywea taratibu kwa wiki kadhaa, na mara nyingi sindano ya pili au ya tatu huhitajika. Kwa hiyo babaye mtoto, aliye Mombasa, asihesabu nauli ya safari moja. Na tarehe ya kurudi iandikwe katika kitabu cha mtoto kabla hamjaondoka dirishani, si kwenye kipande cha karatasi kitakachopotea njiani Mwatate.